Mimea ya nyumbani na paka wetu: tuchague mbele ya kupanda



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, mavumbi na mikanda ya mashini. Leo tunatoka kazini na kuingia saloni. Tutaangalia chungu cha maua kilicho karibu na dirisha, na paka anayelala chini yake.

Wengine watacheka: «Munganga amekosa habari, sasa anatufundisha mambo ya paka!» Ndugu, usicheke haraka. Paka naye ana kazi yake nyumbani. Ni yeye anayelinda unga wa bukari wakati sisi tuko kazi ya usiku au tumelala. Panya wakizidi wanatoboa mifuko, wanakojoa juu ya chakula, wanaleta magonjwa. Paka akifa, wengi wanakimbilia sumu ya panya sokoni, na sumu ile inaweza kuingia kinywani mwa mtoto. Tena, majani mengi yanayomuumiza paka yanamuumiza pia mtoto anayetambaa. Basi somo hili ni la usalama kama masomo mengine.

GINSI TULIVYOMPOTEZA KAPITA

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Paka wetu aliitwa Kapita, kwa sababu alizoea kukaa mlangoni na kutuangalia sisi wote kama msimamizi wa kazi. Alikuwa na miaka 4. Siku moja bibi yangu alirudi kutoka ndoa ya mtoto wa dada yake na fungu la maua meupe, makubwa, yenye harufu tamu. Tuliyatia katika chupa ya maji, tukayaweka mezani. Usiku Kapita alipanda juu ya meza. Asubuhi nilimwona na unga wa manjano puani na mgongoni, naye anajilamba. Nilicheka. Nilimwambia binti yetu: «Tazama, Kapita amejipaka poda ya ndoa.»

Saa sita ya mchana alitapika. Jioni alikataa samaki. Mimi ninayevaa blusi nyeupe kila siku nilisema: «Ni minyoo tu, kesho atapona.» Kesho yake alikunywa maji mengi, kisha akajificha chini ya kitanda. Siku ya tatu hakukojoa tena, na jioni akafa. Binti yetu, mwenye miaka 8, aliniuliza: «Baba, watu wote wanakuja kwako wapone. Juu ya nini Kapita hakupona?» Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata nyuma ya juma moja, kwa munganga wa nyama. Aliniuliza neno moja: «Maua yale yaliitwaje?» Sikujua. Nilimletea moja lililokauka. Akasema: «Hii ni lisi. Ungemleta paka siku ile ya kwanza alipotapika, tungejaribu kuokoa mafigo yake kwa serumu. Siku ya tatu ilikuwa kuchelewa.»

Tangu siku ile nilianza kujifunza mimea ya nyumba, mmoja mmoja, kama nilivyojifunza dawa shuleni. Ninayowaandikia leo ndiyo niliyojifunza.

NENO LA KWANZA NI JINA

Sisi watu wa Katanga tunapashwa kufahamu neno hili kuliko wengine. Kitambo sana, watu waliotafuta madini waliweza kutambua mlima wenye shaba mbele ya kuchimba. Waliona kwamba miti mikubwa haioti juu yake, na kwamba kunaota pale mmea mdogo unaoitwa ua la shaba. Wenye elimu wanauita Haumaniastrum katangense. Aliyejua mmea ule alijua kilicho chini ya udongo. Asiyeujua aliona majani tu.

Hata nyumbani ni vile vile. Kazini, pipa la asidi sulfuriki lina alama ya hatari, na hata mfanyakazi mpya anaogopa kuligusa. Chungu cha maua hakina alama. Uzuri wake si alama, harufu yake si alama, na bei yake vilevile. Njia ya kuujua mmea ni kujua jina lake, na jina hilo tulijue mbele mmea haujaingia nyumbani.

Angalisho: majina ya mtaani yanadanganya. Sika inafanana na mti wa ngazi mdogo, lakini si mti wa ngazi, na ina sumu kali. Mmea unaoitwa asparagusi una majani membamba kama ya fujeri, lakini si fujeri. Mwulize muuzaji jina la kweli. Asipolijua, piga picha ya mmea kwa simu yako, umwonyeshe mtu wa bustani au munganga wa nyama mbele ya kununua.

SABABU GANI PAKA ANAUMIA UPESI?

1. Mwili wake ni wa nyama anayekula nyama. Ini lake halina nguvu ya kuvunja vitu vingi ambavyo ini la mtu linavunja. Mfano: kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, ambacho mtu mzima anameza bila shida, kinaweza kumwua paka. Usimpe hata kipande.

2. Anajiosha kwa ulimi. Kitu chochote kinachoanguka juu ya manyoya yake kinaishia tumboni. Ndiyo maana Kapita hakuhitaji kutafuna ua. Unga wa manjano ulitosha.

3. Ni mdogo. Paka mzima ana kilo 4 hivi. Jani moja kwake ni mzigo mkubwa.

4. Anapanda. Watu wanasema: «Nitaweka chungu juu ya kabati.» Kwa mtoto anayetambaa, neno hili linasaidia. Kwa paka, kabati ni ngazi tu.

MIMEA YA KUKATAA

Kundi la kwanza: inayoua

Lisi. Ni ua lile ambalo Mtakatifu Yosefu anashika mkononi kwenye sanamu kanisani. Iko nyeupe, ya manjano, ya machungwa na ya waridi. Kwa paka, sehemu zote zina sumu: jani, ua, unga wa manjano, hata maji ya chupa ambamo maua yalisimama. Inaharibu mafigo. Hemerokali, mmea wa bustani ambao kila ua lake linafunguka siku moja tu, inafanya vile vile. Katika nyumba yenye paka, lisi isikae hata usiku mmoja. Ukipewa zawadi ya maua, angalia fungu mlangoni, ondoa lisi zote, ndipo uingie na maua mengine.

Sika. Inapandwa mbele ya nyumba nyingi nzuri. Mbegu zake ndizo mbaya zaidi, lakini majani pia yana sumu. Inaharibu ini.

Loriye-roze. Majani marefu membamba, maua ya waridi au meupe. Sumu yake inagusa moyo, wa paka na wa mtu. Usimwache mtoto akate kijiti chake kwa kuchomea nyama. Ndugu yake mwenye maua ya manjano kama kengele, anayeitwa tevetia, ni hatari vile vile. Na kalankoe, mmea mdogo wa chungu wenye majani manene na maua madogo mengi, una sumu ya namna hiyo.

Kundi la pili: inayochoma kinywa

Mama, unajua majimbi, wengine wanasema mateke. Ukiyala mabichi, ulimi na koo vinawasha kama sindano. Ni sindano kweli: ndani ya mmea mna vijiwe vidogo sana, vyembamba, vyenye ncha, ambavyo jicho halivioni. Majimbi yana ndugu wengi wanaopendwa saloni: difenbakia yenye majani makubwa yenye madoa meupe, filodendroni, monstera yenye majani yaliyotoboka, potosi inayotambaa ukutani, kaladiumu yenye majani ya rangi, spatifilumu yenye ua jeupe moja, na kala. Paka akitafuna, anatoa mate mengi, anajikwaruza kinywa kwa mkono, midomo inavimba, hawezi kula. Mara nyingi haimwui, lakini anateseka. Mtoto akitafuna difenbakia, ulimi na koo vinaweza kuvimba mpaka kupumua kunakuwa shida. Huyo mtoto aletwe hopitali mara moja.

Kundi la tatu: inayoharibu tumbo

Aloe, ambayo wengi tunaipanda kwa dawa ya ngozi, inamtapisha paka na kumharisha. Sanseviera, ile ya majani yaliyosimama kama panga, iko vile vile. Wekeni pia hapa asparagusi, begonia na krisantemu. Hizi si za kukimbia kwa hofu, lakini nafasi yake ni nje ya nyumba.

Katika lupango

Paka hakai saloni tu. Angalia uzio wako. Euforbia, ile ya vijiti vya kijani isiyo na majani, inatoa utomvu mweupe unaochoma jicho vibaya, la paka na la mtu. Ukikata uzio, vaa miwani ya kazi, na watoto wasiwe karibu. Mbegu za mbono zina sumu kali sana. Datura, yenye maua makubwa kama tarumbeta, inavuruga akili na moyo. Mimea hii ing'olewe pahali watoto wanapochezea.

MIMEA YA KUKARIBISHA

Sasa tuseme yaliyo mema, kwa sababu nyumba bila jani la kijani haifurahishi. Hii hapa haina sumu kwa paka:

Klorofitumu. Majani yake ni membamba na marefu, ya kijani yenye mstari mweupe, na inaning'iniza watoto wake kama buibui kwenye uzi. Asili yake ni Afrika. Haikatai chungu kibovu, wala mtu anayesahau kumwagilia. Kata mtoto mmoja, tia katika kopo la maji, baada ya majuma machache una mmea mpya wa kumpa jirani. Kwa mtu anayeanza, ninachagua hii. Paka anapenda kuitafuna, lakini haimdhuru.

Fujeri ya kweli, ile inayoitwa nefrolepisi. Inataka maji na kivuli. Wakati wa kiangazi chetu, kutoka mwezi wa tano hata wa tisa, hewa ni kavu. Uiweke pahali pa kunawia, au uinyunyizie maji asubuhi.

Areka. Ni mti wa ngazi wa kweli wa chungu, asili yake Madagaska. Anayependa sika kwa umbo lake anunue areka.

Maranta, kalatea na peperomia. Majani yake yana mapambo mazuri kuliko maua mengi. Yanafaa pahali pa difenbakia na kaladiumu.

Sentpolia. Mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya. Uilinde na baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba.

Waridi na hibiskusi, kwa lupango na kwa chupa ya mezani. Ukitaka maua ya ndoa, waridi inatosha.

Baziliki, kwa jikoni. Inatia harufu katika mchuzi na haimdhuru paka. Lakini vitunguu, vibichi na vilivyopikwa, vinaharibu damu ya paka. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu.

HATA MMEA MWEMA UNA SHERIA ZAKE

«Hauna sumu» si kusema «ni chakula». Paka akila majani mengi ya mmea wowote, atatapika. Mpe majani yake mwenyewe: panda punje za ngano katika kopo, nyuma ya siku kumi hivi ana bustani yake. Usitumie mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi. Usitumie mtama, kwa sababu miche yake michanga ina sumu ya namna ya muhogo mchungu.

Udongo wa chungu usiutoe karibu na kiwanda, wala kwenye takataka za madini, wala kando ya njia ya malori. Una mavumbi ya metali. Paka anakanyaga na kulamba miguu, mtoto anachezea na kutia vidole kinywani.

Funika udongo kwa mawe madogo, paka asiufanye choo chake. Mavi ya paka yanaweza kubeba ugonjwa wa toksoplasmosi, ambao unaweza kumfikia mtoto tumboni. Mama mwenye mimba asisafishe choo cha paka. Kama hakuna mtu mwingine, avae glavu, anawe kwa sabuni, na afanye kila siku, kwa sababu mavi ya siku moja hayajawa na nguvu ya kuambukiza.

Dawa ya wadudu na mbolea ya unga zisitiwe katika vyungu vya ndani. Mmea mwema uliopulizwa dawa si mmea mwema tena.

PAKA AKISHA KULA: FANYA HIVI

1. Ondoa majani yaliyobaki kinywani kwa vidole, kwa uangalifu. Paka mwenye maumivu anauma. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uje kwetu siku ile ile.

2. Kama kuna unga wa lisi juu ya manyoya, mfute kwa kitambaa chenye maji, umwoshe, umzuie kujilamba.

3. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe chumvi wala mafuta ya ngazi. Mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Tena usipoteze saa kwa kumnywesha maziwa, maana maziwa hayaui sumu.

4. Chukua kipande cha mmea, andika saa aliyokula, mpeleke kwa munganga wa nyama. Kama ni lisi, usingoje dalili. Serumu inasaidia zaidi ikianza mbele saa 18 hazijapita. Mafigo yakisha kusimama, mara nyingi hakuna njia tena.

5. Uliza leo, si siku ya taabu, munganga wa nyama wa karibu yuko wapi. Andika namba yake ya simu nyuma ya mlango.

Kama ni mtoto aliyekula: osha kinywa chake kwa maji, usimtapishe, mlete hopitali mara moja pamoja na kipande cha mmea. Usikae nyumbani kutafuta aliyemwacha peke yake. Maneno hayo yatasemwa baadaye.

TUJARIBU KIDOGO

Baba, soma maswali haya kwa sauti mbele ya watoto. Aliyejibu yote matatu apewe kazi ya kusimamia maua ya nyumba.

Swali la 1. Mama amepewa fungu lenye waridi 5 na lisi 2. Afanye nini?

Swali la 2. Difenbakia iko juu ya kabati. Mtoto hawezi kuifikia. Je, nyumba iko salama?

Swali la 3. Paka amelamba unga wa lisi asubuhi, lakini anacheza vizuri. Tungoje?

Majibu. La 1: Aondoe lisi mlangoni na kuzitupa katika pipa lenye kifuniko, aingie na waridi. La 2: Hapana. Paka anapanda, na jani linaloanguka linamkuta mtoto chini. La 3: Hapana. Saa anapocheza ndiyo saa ya kumwokoa.

Ndugu wafanyakazi, jioni ya leo ukirudi nyumbani, zunguka saloni na lupango pamoja na watoto. Taja kila mmea kwa jina. Ule usioujua jina, uutoe nje mpaka uujue. Kazi hii ni ya nusu saa, na haina gharama.

Nyumbani kwetu sasa kuna paka mwingine. Karibu na dirisha kuna klorofitumu tatu, na binti yetu ndiye anayezimwagilia. Siku nyingine mtu alituletea maua. Mbele sijafungua kinywa, mtoto alisimama mlangoni na kuuliza: «Mama mdogo, samahani, maua haya yanaitwaje?»

Nanyi mwulize vivyo hivyo.